Ghala la reli la mwaka 1830 juu ya meza ya seremala: shajara ya mradi, Langoni, Lamu

Machi, kaskazi inakatika

Mradi umekubaliwa. Karakana yetu, ambayo miaka yote imeishi kwa milango, makasha na vijahazi vya kuuzia wageni, itatengeneza mfano wa ghala la mizigo la kituo cha Liverpool Road, Manchester, Uingereza. Ndilo ghala la reli kongwe kuliko yote yaliyosimama mpaka leo duniani. Lilijengwa kati ya Aprili na Septemba 1830 kwa ajili ya reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba mwaka huohuo. Mfano utakwenda kwenye darasa la ufundi la vijana wa mtaa, wale wanaojifunza useremala na uashi jioni. Utawajengea ujuzi wa kusoma michoro, na wengine watapata sababu ya kukaa karakanani badala ya kukaa barazani.

Ami yangu ndiye fundi mkuu, na swali lake lilikuwa la kwanza: "Lamu na reli, wapi na wapi?" Swali la haki. Vichochoro vyetu havipitishi gari, seuze treni. Tena kama reli imewahi kutugusa, imetugusa kwa kutupita. Ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, mali ya bara ilipata njia moja na bandari moja, na bandari hiyo haikuwa yetu. Nilimjibu ami kwamba mradi huu si wa treni, ni wa ghala. Watu wa mji huu wamepokea, wamepanga na wamelinda mali za watu tangu zamani, na jengo la kuwekea mali wanalielewa kwa kulitazama tu.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Nioneshe michoro."

Aprili, wiki ya kwanza

Kipimo ni 1 kwa 50. Jengo halisi lina urefu wa takriban futi 320 na upana wa futi 70, yaani mita 97 na ushei kwa mita 21. Kwetu linakuwa karibu sentimita 195 kwa 43. Meza inalibeba, mlango unalipitisha kwa shida, na ile kona ya kichochoro haitalipitisha kamwe siku punda wa mchanga wanapokuja kwa upande wa pili. Kwa hiyo tutalitengeneza vipande vipande. Jengo lenyewe limeshatuonesha pa kukata: ndani lina kuta nene za matofali zinazolivuka kutoka mbele hadi nyuma, ili moto ukizuka upande mmoja usile upande wa pili. Palipo na ukuta ndipo tutakapounganisha, na kiungo hakitaonekana.

Kidogo kuhusu waliolijenga. Mkandarasi alikuwa David Bellhouse mdogo, wa Manchester, wa ukoo wa wajenzi waliokuwa na biashara ya mbao pia. Usanifu wake wengi huuhesabu kuwa wa Thomas Haigh wa Liverpool. Mhandisi wa reli yenyewe ni George Stephenson, na jina lake limefunika mengine yote. Watu husoma habari za injini ya Rocket iliyoshinda mashindano ya Rainhill Oktoba 1829, na habari za mbunge William Huskisson aliyegongwa na injini hiyohiyo siku ya ufunguzi akafa, kisha wanafunga kitabu. Mimi mwenye kunishangaza ni Bellhouse. Miezi mitano, jengo la ukubwa ule, matofali na mbao! Hapa kwetu mlango mmoja wa nakshi unaweza kula miezi hiyo na mwenye mlango asinung'unike.

Nadhani siri ni kwamba Bellhouse na watu wake hawakuwa wakijifunza kitu kipya. Reli ilikuwa mpya, lakini ghala halikuwa jipya hata kidogo. Hilo nitalieleza nikishamaliza kuwachorea vijana mkato wa jengo, yaani mchoro unaolionesha ndani kana kwamba limekatwa katikati, maana bila mkato halieleweki.

Aprili, baada ya mvua ya kwanza

Mkato umechorwa ukutani kwa mkaa, na leo ndiyo siku mradi uliposhika.

Reli kutoka Liverpool iliingia Manchester ikiwa juu. Ilibidi ivuke mto Irwell, kisha iendelee juu ya matao mpaka kituoni. Kwa hiyo treni ilipofika, ilikuwa orofa moja juu ya barabara ya mikokoteni. Jengo likawekwa katikati ya viwango hivyo viwili. Ukilitazama kutoka barabarani unaona orofa tatu. Ukilitazama kutoka upande wa reli unaona mbili tu, kwa sababu ya chini imejificha. Behewa linaingia orofa ya kati. Mzigo unapandishwa juu kuhifadhiwa, au unateremshwa chini kupitia matundu ya sakafuni, na mkokoteni wa farasi unauchukua barabarani.

Ami alitazama mchoro akasema, "Kumbe treni yuu, mikokoteni tini." Akavuta kiti. Tangu hapo mradi ni wake.

Sasa lile nililosema kuhusu upya. Manchester ilikuwa na mfereji wa Bridgewater tangu miaka ya 1760, na pale mwisho wa mfereji, mtaa wa Castlefield, wajenzi walikuwa wameshazoea kujenga maghala ya orofa kadhaa yaliyoegemea mteremko. Mashua iliingia ndani kabisa ya ghala kupitia tao, chini, majini. Mzigo ukapandishwa kwa kapi mpaka orofa iliyo sawa na barabara, na mikokoteni ikauchukulia huko juu. Matundu ya sakafuni, kapi, milango ya kupakulia iliyopangana mmoja juu ya mwingine ukutani, kuta za kuzuia moto: vyote vilikuwepo miaka sitini kabla ya treni. Bellhouse alilichukua ghala la mfereji akalipindua. Chombo cha kuleta mali kikawa juu, cha kuiondoa kikawa chini. Hata madirisha ni yaleyale.

Kwa hiyo wanaosema kwamba reli ilileta majengo ya aina mpya, wanaruka hatua. Jengo la kwanza la mizigo la reli ya kwanza kuunganisha miji miwili kwa injini za mvuke ni ghala la mashua. Ubishi juu ya hili uliendelea mpaka adhana ya magharibi, na kijana mmoja wa uashi akauliza kwa nini basi hawakuteremsha reli chini ikawa rahisi. Kwa sababu ya mto, nikamwambia. Akasema, "Basi mto ndio uliochora jengo." Nimeliandika hilo ukutani chini ya mchoro.

Mei, kusi imeingia

Mbao. Kuta tunatengeneza kwa plaiwudi iliyochorwa mistari ya matofali kwa patasi nyembamba. Kwa kipimo chetu tofali moja lina urefu wa milimita nne na nusu hivi, na kuchora ukuta mzima ni kazi ya kuchosha macho. Vijana wamegawana zamu. Sitaieleza zaidi, mistari ni mistari.

Ndani ndiko kwenye raha. Sakafu za ghala lile zimebebwa na nguzo na mihimili ya mbao, mistari kwa mistari, na chini palipobeba uzito wote kuna nguzo za chuma cha kusubu. Sisi wa Lamu tumezoea hesabu nyingine. Nyumba ya mawe hapa inaanza na boriti. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene wa mkoko una jina lake na kazi yake, na boriti ya dari haikupi zaidi ya mita tatu bila kulegea. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, mita mbili na nusu mpaka karibu tatu, virefu utakavyo. Msana wa tini, msana wa yuu, ndani: unatoka ukumbi mmoja kuingia mwingine sambamba nao, na kati yao kuna ukuta mnene wa matumbawe na chokaa. Ukuta ndio unaobeba boriti.

Manchester walihitaji mita 21 za upana bila kuta za kuwazuia wapagazi. Wangefuata hesabu ya Lamu, ghala lingekuwa na korido saba au nane na robota la pamba lingekwama kwenye kila mlango. Kwa hiyo ukuta ukaondolewa ikawekwa nguzo, na juu ya nguzo mhimili, na juu ya mhimili nguzo ya orofa inayofuata. Nguzo inasimama pale ambapo sisi tungejenga ukuta. Ami ameliona hili kabla yangu. Alipima kwa vidole nafasi ya nguzo kwenye mchoro, akazidisha, akacheka: mti ni mti, hata wa Ulaya unachoka ukiutandaza mbali.

Kwa nguzo tunatumia mabaki ya mbambakofi, vipande vilivyokatwa kwenye fremu za milango. Ni mgumu kwa kazi ndogo, lakini ukishakaa haupindi, na msimu huu hilo ni jambo kubwa. Plaiwudi inavimba. Kuta mbili tulizozikausha juu ya dari zimerudi zikiwa zimejikunja, na gundi haishiki vizuri hewa ikiwa nzito hivi. Ami ameamuru kazi ya kuta isimame mpaka mvua zipungue.

Mei, mwishoni

Kwa vile kazi ya kuta imesimama, tumeingia kwenye mizigo.

Treni ya kwanza ya mizigo kutoka Liverpool kwenda Manchester ilikwenda tarehe 4 Desemba 1830, ikivutwa na injini iliyoitwa Planet. Orodha yake imehifadhiwa: marobota na mifuko 135 ya pamba ya Marekani, mapipa 200 ya unga, magunia 63 ya oti iliyosagwa na magunia 34 ya kimea. Jumla, pamoja na mabehewa, injini ikiwa na maji yake na watu 15 waliopanda, ilihesabiwa kuwa tani 80, na safari ilichukua saa tatu kasoro dakika sita. Kabla ya hapo mzigo wa Liverpool ulikwenda kwa mfereji au mto, na wafanyabiashara wa Manchester walilalamika kwamba pamba ilikawia njia hiyo fupi kuliko ilivyokawia baharini kutoka Marekani.

Vijana waliamua kutengeneza marobota yote 135. Nilijaribu kuwapunguzia, walikataa. Wadogo zao wamesaidia, mabaki ya vitambaa yametoka kwa mshonaji wa kanzu wa jirani, na kwa siku kadhaa karakana ya seremala imekuwa karakana ya mito midogo iliyofungwa kwa uzi.

Halafu tulipoyapanga kwenye sakafu ya orofa ya juu tukanyamaza kidogo. Treni nzima, ile iliyoandikwa magazetini, ilijaza kona tu. Jengo lilikuwa linasubiri treni mia. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba waliolijenga hawakuwa wakifikiria mzigo upite, walifikiria ukae. Mfanyabiashara angeacha pamba yake pale, awaoneshe wanunuzi, asubiri bei. Reli ilijifanya kampuni ya maghala kwa sababu kampuni za mifereji zilikuwa zikifanya hivyo, na mteja asingekubali kupewa pungufu ya alichozoea.

Pamba yenyewe ina habari yake, na darasani nimeisema bila kuizunguka. Mwaka 1830 pamba ya Marekani ililimwa na kuchumwa na watumwa. Uingereza ilipitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lakini viwanda vya Manchester viliendelea kununua pamba ya watumwa mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikata mwaka 1861. Mmoja akasema, "Basi hili ni ghala la watumwa." Mwingine akamjibu kwamba asiende mbali, mashamba ya bara yetu nayo yalilimwa na nani? Pwani ya Kenya hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na wazee wa wazee wetu waliiona siku hiyo. Sikuwa na la kuongeza. Marobota yamebaki yalipo, na tumekubaliana kwamba maelezo yatakayobandikwa kwenye mfano yataanzia shambani, si kituoni.

Juni

Jua limerudi, kuta zimenyooka, kazi ya reli imeanza.

Hapa kuna kitu kinachowapendeza watu wote wanaopita karakanani. Mabehewa hayakuingia ghalani kwa urefu wake. Reli inapita kando ya jengo, na mbele ya kila mlango kuna sahani ya kugeuzia: behewa linasimama juu yake, linazungushwa robo duara, kisha linasukumwa ndani moja moja likiwa limekata pembe mraba na njia kuu. Injini haikugusa kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya watu na farasi. Iliwezekana kwa sababu mabehewa ya wakati ule yalikuwa mafupi, yenye magurudumu manne, na sahani ndogo ilitosha.

Kutengeneza sahani hizo kulitupa shida mpaka ami alipoangalia mlango wa karakana. Mlango wa Kiswahili wa zamani hauna bawaba. Kila ubao una ncha juu na ncha chini, na ncha inazunguka ndani ya tundu la kizingiti. Akachonga ncha ileile, ndogo, chini ya kila sahani, akaizamisha kwenye ubao wa msingi na kuipaka nta. Inazunguka kwa kidole kimoja. Reli ni nyaya za shaba zilizopigwa bapa, milimita 29 kutoka moja hadi nyingine, ambayo ndiyo milimita 1435 za Stephenson zilizogawanywa kwa 50. Kipimo hicho ndicho cha reli mpya ya Mombasa na Nairobi. Reli ya zamani ya mwaka 1896 ilikuwa ya mita moja.

Kapi za kupandishia mizigo alizifunga nahodha mmoja mstaafu, kwa uzi na vifundo vya jahazini. Ghala halisi lilianza kwa nguvu za mikono, na muda mfupi baadaye likapata mtambo wa mvuke wa kupandishia. Nahodha aliuliza kwa nini wawe na haraka hivyo. Kwa sababu robota moja la pamba si mzigo wa mtu mmoja, na yalikuwa yakija kila siku.

Watoto wanaotoka madrasa wanasimama mlangoni kusukuma mabehewa, na wote wanauliza jambo moja: treni itafika Lamu lini? Mpango wa LAPSSET, wa bandari na njia za kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa mwaka 2012, una reli ndani yake, ya kutoka hapa kwenda Isiolo na kuendelea mbele. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa Mei 2021 na meli zimetia nanga. Reli bado iko kwenye karatasi. Nawaambia wasome hesabu kwanza. Reli ikija itataka watu wa kuihesabia.

Julai

Mfano umekamilika isipokuwa paa. Tumeamua paa libaki wazi juu ya kipande kimoja ili ndani paonekane, na vipande vingine vifunikwe. Umebebwa jana mpaka darasani, kipande kwa kipande, kabla ya alfajiri, vichochoro vikiwa havina punda.

Darasani swali gumu lilitoka kwa mwalimu wao wa uashi: ikiwa hili ndilo la kwanza, mbona mabanda ya mizigo ya vituo vyetu, kuanzia Mombasa kwenda bara, hayafanani nalo hata kidogo? Banda la mizigo tunalolijua lina sakafu moja, kuta za mabati au mawe, jukwaa refu la kimo cha behewa, na reli ubavuni.

Ni kweli, na jibu liko kwenye yale marobota yaliyojaza kona tu. Reli zilipoenea, kampuni ziligundua kwamba faida yao iko kwenye mwendo. Mzigo unaolala unakula nafasi na unalifunga behewa. Pia vituo vingi vilikuwa vya miji midogo iliyo kwenye ardhi tambarare, bila mto wa kuinua reli orofa nzima. Kwa hiyo umbo la Manchester halikurudiwa sana nje ya miji mikubwa. Kituo cha Stroud, Uingereza, bado kina banda la mawe lililosanifiwa na mhandisi wa reli Isambard Kingdom Brunel mwaka 1845, miaka 15 tu baada ya Bellhouse. Reli inaingia upande mmoja na kutokea wa pili, ndani kuna jukwaa, na ubavuni kuna mlango wa mkokoteni. Behewa, jukwaa, mkokoteni, vyote katika kimo kimoja, mtu anahamisha gunia kwa hatua tatu. Huko ndiko yalikotoka mabanda ya Kenya, kwa njia ya India na kwa mabati badala ya mawe.

Liverpool Road lenyewe halikudumu na abiria. Walihamishiwa kituo cha Victoria mwaka 1844. Kilichobaki pale kilikuwa mizigo, mpaka mwaka 1975. Ghala lile lililojengwa haraka, la aina iliyopitwa mapema, lilifanya kazi karibu miaka mia na hamsini, na tangu 1983 eneo lote ni makumbusho ya sayansi na viwanda. Mwalimu alisema hilo linaonesha kwamba wajenzi walikosea kuacha umbo hilo. Mimi sikubali. Lilidumu kwa sababu Manchester iliendelea kuwa na mali ya kulaza; ungeliweka Voi lingekuwa tupu.

Ubishi huo umezaa kazi. Darasa linataka banda la Stroud likae kando ya la Manchester, kwa kipimo kilekile, ili watu waone kwa macho kilichobadilika kati ya 1830 na 1845. Njia ya Brunel ilikuwa pana, futi 7 na robo inchi, kwa hiyo kwetu itakuwa milimita 43 kati ya reli na reli badala ya 29, na mabehewa tuliyonayo hayatafaa. Mabehewa mapya, kuta za mawe badala ya matofali, na safari hii hakuna sahani za kugeuzia ndani. Ami ameshapekua mabaki ya mbambakofi akasema hayatoshi, tungoje mlango unaofuata.